Mpaka Ijumaa

Wa kwanza kuja alikuwa mama ntilie, na hakuja na chapati. Alikuja na daftari.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, ofisini kwetu Gerezani, Dar es Salaam. Mama huyu meza yake iko chini ya mwarobaini, mkabala na mlango wetu, na kwa miaka 4 sikuwahi kumwona akivuka kizingiti. Siku hiyo alivuka. Akasimama mbele yangu, akalamba kidole, akafunua daftari katikati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe una elfu sita na mia tano. Mhasibu elfu kumi na nne. Dereva nitamalizana naye mwenyewe, yule ana ukurasa wake."

Nikamkumbusha kwamba mwisho wa mwezi bado. Akanitazama kwa jicho lile wanalotazamwa nalo wafiwa. "Mwisho wa mwezi mtakuwa wapi, baba?"

Sikumwelewa. Nilidhani kaota vibaya.

Wa pili alikuwa mwenye nyumba. Huyu ni mzee wa heshima zake; kodi humtuma mpwa wake kuifuata, mwenyewe tunamwona Idi hadi Idi. Alifika kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi, na kodi hakuigusia kabisa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiyoyozi, akakigonga kwa bakora mara mbili kama mtu anayechagua tikitimaji.

"Hiki chenu au changu?"

"Chetu, mzee."

"Hakitoki," akasema, akavuta kiti, akaketi chini yake.

Hapo ndipo simu zilipoanza.

Niwaeleze kwanza kazi yetu. Sisi ni mawakala wa forodha, watu wa kutoa mizigo bandarini, na kazi yote hii ni tarehe. Kontena likishushwa lina siku zake za kukaa bure. Zikipita linaanza kulipiwa, na malipo yake si ya kiasi cha daftari la mama ntilie. Kwa hiyo mtu mwenye mzigo baharini akisikia wakala wake anafunga, hangoji kuuliza kulikoni. Anafuata karatasi zake kwanza, pole baadaye.

Na mimi ndiye niliyewaambia tunafunga. Kwa maandishi. Kwa Kiingereza. Wateja 43 kwa mkupuo, na nakala nikaibandika mlangoni.

Chanzo ni mchwa. Walikuwa wameingia kwenye kabati la mafaili kimyakimya, wakala hati za miaka mitatu kutoka nyuma kuja mbele, hata ukilifungua unaona migongo ya mafaili imepangwa vizuri, ukivuta moja linakuja jalada tupu na vumbi. Fundi wa dawa akasema atatoboa sakafu, apulizie, na watu wasiingie siku tatu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Bosi yeye alikuwa Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, anahangaika na lori lililokwama mpakani. Akanipigia: "Waandikie wateja. Tumefunga hadi Ijumaa. Na mchwa usiwataje, wataona tuna uchafu."

Hadi Ijumaa. Maneno mawili tu. Nikakaa mbele ya kompyuta saa kumi na moja jioni, wenzangu wote wameshaondoka, nikaanza kuyapima.

Kiingereza changu si cha kuombea maji, naomba hilo lieleweke. Nilijua kwamba "hadi" ina wenzake wawili huko: kuna "by" na kuna "until". Tatizo langu na "until" lilikuwa moja tu, herufi. "Until" ina L moja, "till" ina L mbili, au ni kinyume chake, na toka shule ya msingi sijapata kujua hiyo L nyingine ikiongezwa "un" huwa inakwenda wapi. Mimi mtu wa ofisi siwezi kukosea herufi mbele ya wateja 43. "By" haina shida hiyo. Herufi mbili, utakosea wapi?

Tena nilikuwa na ushahidi. Nikafungua barua pepe za bosi mwenyewe: "Send me the report by Friday." Nilikuwa nikizipata kila wiki na kila wiki nilizielewa: nitumie ripoti hadi Ijumaa. Basi "by" ndiyo "hadi". Hesabu imekubali. Nikaandika:

"CLOSURE OF OFFICE. Dear Esteemed Customers, kindly be informed that our office will be closed by Friday. We thank you for all the years we have been together."

Ile sentensi ya mwisho hakuna aliyeniagiza. Niliiongeza mwenyewe kwa adabu, niliona barua imekatika ghafla mno.

Basi Jumanne hiyo, ilipofika saa tatu na nusu, ofisi ilikuwa na watu 11 na viti 6. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mtu wa vitenge, alikuja na vijana wawili na boksi tupu. "Naomba hati zangu zote," akasema kwa upole wa kutisha. "Sina ugomvi na mtu. Biashara ni kupanda na kushuka." Wakala mwenzetu wa jengo la pili alichungulia, akampa pole dada wa mapokezi, akamwambia kwake kuna nafasi, halafu akauliza ile mashine ya fotokopi tunaiuza bei gani. Dereva wetu, aliyekuwa ametoka kuosha pikapu, alisikiliza mara moja tu, akatia ufunguo ndani ya soksi. "Gari hili ndilo mshahara wangu," akatangaza. Mhasibu alikuwa amejifungia chooni. Sikujua kama ni tumbo au ni ile 14,000.

Nami nazunguka katikati yao nikisema, "Jamani, hatufungi! Tunafunga tu hadi Ijumaa!" Mtu wa vitenge akageukia watu: "Mnaona? Anakubali mwenyewe."

Simu ya Tunduma ikaingia.

"Nimepigiwa na mke wangu," akasema bosi. "Analia. Anauliza kwa nini yeye awe wa mwisho kujua."

"Kujua nini, bosi?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe."

Aliyenifumbua macho ni binti wa mama ntilie. Yuko kidato cha nne, asubuhi humsaidia mama yake kubeba ndoo kabla ya kwenda shule, na ndiye aliyesoma tangazo mlangoni akampelekea mama yake habari. Nikamwita, nikamuuliza kwa ukali kidogo, umesoma nini pale? Akajibu pasi na kusitasita: "Imeandikwa ofisi hii ikifika Ijumaa itakuwa imeshafungwa. Na mnashukuru kwa miaka yote."

"Siyo kwamba imefungwa hadi Ijumaa?"

"Hapana, kaka. Hiyo ingekuwa 'until'." Na kwa kuwa aliniona natoa macho, akaniwekea mfano wa wali, kama wanavyowekewa watoto. "Mama akisema wali uwe umeiva 'by' saa saba, ina maana uive saa yoyote, ila saa saba isikute haujaiva. Akisema anauza wali 'until' saa saba, basi anauza, anauza, anauza, ikifika saa saba anaacha."

Sikupenda kufundishwa na mtu mwenye ndoo mkononi, lakini alikuwa sahihi, na usiku ule nililifikiria jambo hili mpaka nikakosa usingizi. Sisi hapo hatutenganishi, useme hadi, useme mpaka, ni mamoja. Na mpaka ndilo hilohilo la mpaka wa Tunduma, mpaka wa Namanga. Na mpaka haukuambii wewe umesimama upande gani. Kwetu anayesema ni kitenzi. Ofisi imefungwa hadi Ijumaa, ukisema hivyo kila mtu anajua Jumamosi maisha yanaendelea. Hadi Ijumaa ofisi iwe imefungwa, hapo watu wanakwenda kutafuta boksi tupu. Hadi ni ileile, haijasogea. Mwingereza yeye kitenzi amekiacha kilekile, mzigo wote akambebesha yule mdudu wa herufi mbili, nami mdudu huyo nilimchukua kwa sababu ni mfupi.

Lakini hayo ya kulifikiria yalikuja usiku. Saa nne asubuhi sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilikuwa na mzee chini ya kiyoyozi na funzo moja kichwani: "by" ni mbaya, "until" ni nzuri. Nikarudi kwenye kompyuta. Nikamwomba binti anitajie herufi, akanitajia, L moja, akaondoka kuwahi shule. Laiti angengoja dakika mbili.

Nilitaka kusema kwamba hadi Jumatatu tutakuwa tumeshafungua. Nikaliendea lile neno zuri kwa kujiamini kote, nikapeleka kwa wateja 43:

"Please do not panic. Our office will be open until Monday."

Ukimya ulidumu kama robo saa. Nikajipongeza. Kisha mwenye nyumba, ambaye mjukuu wake alikuwa amemsomea ujumbe kwenye simu, akainuka kitini akanipa mkono.

"Mmeongezewa siku tatu," akasema. "Alhamdulillahi. Ila kiyoyozi kiko palepale."

Mtu wa vitenge, aliyekuwa ameshaanza kutulia, akawaamuru vijana wake wabebe boksi la pili. Na simu zikaanza upya, safari hii za watu waliojua kabisa lini tunakufa, wakitaka tu kujua Jumatatu ni asubuhi au jioni. Mmoja alinifariji kwamba hata yeye 2009 alifunga kiwanda cha mikate, leo ana daladala mbili.

Bosi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Sasa wanasema nimepata ahueni," akasema taratibu. "Mke wangu ameacha kulia, ameanza kupanga tukaishi wapi. Wewe kijana. Andika Kiswahili."

"Sawa, bosi."

"Na mchwa uwaweke."

Nikaandika: "Ndugu wateja, ofisi imefungwa hadi Ijumaa kwa sababu ya dawa ya mchwa. Jumatatu saa mbili asubuhi tupo kama kawaida." Nilitumia dakika moja na nusu. Ndani ya nusu saa ofisi ilibaki na mimi na dada wa mapokezi. Mtu wa vitenge alirudisha maboksi yote mawili, akacheka hadi akashika ukuta, akaniambia kwake mchwa walikula deski. Mama ntilie deni hakulifuta, alisema maadamu nimekwisha kulitoa mfukoni bora alichukue. Dereva ufunguo alitoa kwenye soksi saa kumi jioni, hakuna aliyeutaka kwa wakati ule. Mhasibu ndiye aliyetoka wa mwisho.

Kuna mteja mmoja tu tuliyehofu hakupata habari: Mjerumani wa pampu za maji. Ile barua ya Kiswahili asingeisoma, na zile mbili za Kiingereza hakuzijibu. Hakupiga simu wala hakuja na boksi. Tukasema tumempoteza, huyo kashahamia jengo la pili. Bosi akanyamaza kwenye simu. Huyo mteja alikuwa na makontena 5 njiani.

Jumatatu saa mbili kamili, sakafu bado ina matundu na harufu inachoma pua, Mjerumani huyu hapa mlangoni, faili kwapani, saa mkononi. Nikamkaribisha nikamuuliza kwa kujikanyaga kama barua yangu ilimfikia.

Ilimfikia, akasema. Ofisi ilifungwa hadi Ijumaa, leo Jumatatu, basi amekuja. Ile ya pili hakuifungua, kwa sababu ya kwanza ilishaeleweka.

Nilitamani nimkumbatie. Baadaye nikapata siri: kwao nao wana neno moja, "bis", na hilo "bis" ndilo "by" na ndilo "until", kama hadi yetu. Katika watu 43, ni yeye peke yake aliyesoma Kiingereza changu kama nilivyokikusudia, maana Kiingereza chake nacho kilikuwa na mchwa walewale.

Wiki iliyofuata akatuandikia: "Please send me the documents until Thursday." Mhasibu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kwa wasiwasi kama ina maana tumpelekee hati kila siku, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, halafu Alhamisi tuache. Nikamwambia aniachie mimi. Zilimfikia Jumatano mchana, mkupuo mmoja, na akajibu kwa asante.

Nilimwonyesha binti wa mama ntilie ile barua, nikitaka ajue kwamba siko peke yangu duniani. Aliisoma hadi mwisho, akatua ndoo, akaniuliza kama ofisini tuna kalamu nyekundu.