Farasi Mwekundu Nyuma ya Bwana Harusi

Anayesema kupiga picha za harusi kwenye hoteli iliyojaa sanaa ni starehe, mpe kamera mbili na flashi mbili, kisha mpeleke kwenye korido ya ghorofa ya pili: ukuta wa kijani cha chupa, dari nyeusi tii, na mkabala na lifti sanamu ya shaba isiyo na kichwa. Muache humo nusu saa. Akitoka atauliza kama maharusi hawajawahi kufikiria uwanja wenye nyasi.

Hoteli ndogo za namna hii zina wivu. Kila ukuta una kitu kinachotaka kutazamwa, na hakipendi mgeni anayetazamwa zaidi yake. Halafu wanaingia watu wawili wanaopendana kwa dhati, wanaolia hata kabla hawajaulizwa swali, na wanasimamishwa kula kiapo chini ya mchoro wa farasi mwekundu wa mita tatu, meno nje. Mzoee huyo farasi. Mtakuwa naye mpaka usiku.

Tuanze na dari, maana ndiyo inayomaliza watu mapema. Aliyezoea kumbi za kawaida huelekeza flashi juu, mwanga ukagonga dari nyeupe, ukarudi umelainika, kila uso ukapendeza. Elekeza flashi hiyohiyo kwenye dari nyeusi uone: hairudishi hata salamu. Flashi inajikamua mpaka tone la mwisho, betri zinachemka, na picha inatoka kama ya mwizi aliyenaswa na kamera ya ulinzi. Basi unajifanya mjanja, unaigeuzia ukuta wa pembeni. Ukuta ni wa kijani. Bwana harusi anatoka na shavu moja la binadamu na jingine la mjusi. Usijidanganye kwamba kompyuta itakuokoa: ukiondoa kijani picha nzima, shavu lililokuwa zima linageuka zambarau, kwa sababu ugonjwa uko upande mmoja na dawa umewanywesha wote. Itabaki kupaka kwa brashi, shavu moja baada ya jingine, picha mia mbili.

Kinachosaidia ni kuja na dari yako mwenyewe. Flashi juu ya stendi, mwavuli mweupe wa sentimita 100 hivi, mita mbili kutoka kwa maharusi, pembeni kwa nyuzi 45, juu kidogo ya vichwa vyao. Anza na nguvu ya 1/8, uongeze au upunguze kutoka hapo. Kwenye mguu wa stendi weka mfuko wa mchanga wa kilo tano, na nyaya zote zibandike sakafuni kwa utepe wa kitambaa wenye gundi. Stendi ikianguka kwenye hoteli nyingine itaangukia zulia. Hapa ina macho. Itachagua chungu cha kauri.

Vioo sasa. Nusu ya michoro imefunikwa kwa kioo, na kioo hakina siri. Mwanga hudunda juu yake kama mpira ukutani, unatoka kwa pembe ileile ulioingilia, kwa hiyo ukisimama umeelekeana na fremu na flashi iko juu ya kamera, unapata maharusi, mchoro, na jua dogo jeupe katikati. Sogea pembeni, nyuzi 30 mpaka 45, jua linaondoka. Kichujio cha polaraiza kinasaidia kwa mwanga wa dirishani unaong'aa juu ya kioo, hasa ukikitazama kioo kwa mshazari mkubwa, nyuzi 55 hivi kutoka mahali ambapo ungekuwa umekielekea moja kwa moja. Lakini kinakula stopu moja mpaka mbili za mwanga (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), na mwanga wenyewe humu ni wa kuomba. Kwa kioo cha kujitazamia hakikusaidii kitu, maana kile kinaakisi kwa madini yaliyopakwa nyuma yake. Na kiko kila kona, bila shaka. Utajikuta kwenye picha ya bibi harusi akivishwa hereni: wewe, umechuchumaa, ulimi nje.

Kuhusu huo mwanga wa kuomba: makumbusho huangaza michoro ya karatasi kwa luksi 50 hivi ili rangi zisififie, na kuna hoteli zimeipenda hali hiyo zikaihamishia kwenye ukumbi mzima, wageni wakiwemo. Piga hesabu. Luksi 50, tundu la lenzi f/2.8 (namba ikipungua, tundu linapanuka), kasi ya shata, yaani pazia la kamera, 1/200 ya sekunde ili mtikisiko wa mikono usionekane: unahitaji ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 8000 hivi. Ukiwa na lenzi ya f/2 na ukakubali 1/100, inashuka mpaka ISO 2000, ila hapo anayecheka sana atatoka na midomo miwili. Ndiyo maana mtu anayebeba lenzi moja tu ya f/4 kwenye kazi hii anahitaji maombi.

Na taa zenyewe hazielewani. Kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, ya mezani ni 2700, ya njano kama yai; dirisha ni 5500 hivi; flashi nayo iko hukohuko kwa dirisha; na pale kona kuna sanaa ya neoni ya waridi inayomfanya kila mtu aonekane ana homa. Ukiwapanga maharusi katikati ya ugomvi huo, hakuna mpangilio wa rangi utakaowapatanisha. Chagua upande. Asubuhi, chumba cha kuvalia, zima taa zote, hata ile ambayo mpambaji anaipenda. Mkalishe bibi harusi mita moja na nusu kutoka dirishani, uso umegeukia mwanga kidogo, mabegi na viatu vyote visukumwe upande ambao kamera haiangalii. Usiku, jitie upande wa taa: bandika jeli ya chungwa, yaani kipande cha plastiki angavu cha rangi, kwenye flashi, panga kamera kwenye 3200, dirisha ligeuke la bluu likitaka. Neoni usiibishie, punguza mwanga stopu moja au zaidi mpaka mirija yake ionyeshe rangi badala ya kuwa mstari mweupe, kisha waangaze maharusi kwa flashi yako ndogo.

Kuna ugonjwa mwingine hauonekani kwa macho. Taa nyingi za LED hupepesa. Umeme ukiwa wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukiwa wa 60 ni mara 120. Msimamizi wa ukumbi anakusihi usipige kelele wakati wa viapo, unawasha shata ya kimyakimya, unafurahi, ukirudi nyumbani gauni lina mistari ya pundamilia. Shata hiyo inasoma picha mstari kwa mstari, na kila mstari umemkuta bwana taa katika hali tofauti. Weka 1/100 au 1/50 kwa umeme wa hezi 50, 1/125 au 1/60 kwa ule mwingine. Taa zikiwa na kipunguza mwanga, hesabu hizo nazo zinaweza kugoma, kwa hiyo pigia ukutani picha tano za majaribio siku moja kabla, saa ileile ya harusi, taa zikiwa zimepunguzwa kama zitakavyokuwa. Anayekwambia “taa zetu hazina shida” hajawahi kuzipiga picha.

Sasa kichekesho chenyewe. Kamera za kisasa hujitafutia jicho la mtu na kulikazia fokasi. Ni jambo zuri sana mpaka uingie ukumbi wenye picha 14 za watu ukutani. Bibi harusi anavuta pumzi, sauti inakatika, chozi linaanza safari, na kamera kwa adabu zake zote imekazia fokasi jicho la marehemu fulani mwenye kola ya manyoya, aliyepakwa rangi ya mafuta, ambaye hajalia tangu achorwe. Kabla ya viapo, zima utafutaji wa macho au uubane kwenye kisanduku kidogo ukisogeze mwenyewe. Na kama ulisahau kamera kwenye hali ya kutafuta wanyama, hongera, farasi amepata albamu yake.

Kwa viapo vyenyewe, simama pembeni mwa njia ya katikati upate nyuso zote mbili, si kisogo kimoja na pua moja. Omba mapema maharusi waelekeze ubavu dirishani. Lenzi ya milimita 85, inayovuta nyuso karibu, kwao. Kamera ya pili yenye 35, inayoona kwa upana, kwa wazazi, maana mara nyingi chozi zito halitoki kwa anayeapa, linatoka kwa baba aliyekaa safu ya kwanza akijidai ameingiwa na kitu machoni. Sauti ikianza kutetemeka anza kupiga, usiangalie skrini ya nyuma ya kamera, usiwashe flashi. Karatasi ya kufutia ikipanda usoni subiri: baada ya kufuta, watu wengi hucheka, na kicheko hicho hakirudiwi. Ni wakati huohuo mjomba mwenye tableti atainuka. Kwa mjomba hakuna kichujio. Muombe mfungishaji ndoa atangaze mwanzoni kwamba vifaa vishuke.

Farasi je? Ukiwasogeza maharusi mita mbili na nusu mbele ya ukuta, ukapiga kwa 85 kwenye f/2, farasi anageuka wingu jekundu, hata anapendeza. Wakigusana na ukuta, meno yatasomeka na mkia utaota kwenye sikio la bwana harusi. Piga hatua moja kushoto kabla hujabonyeza. Hatua hiyo ni bure na inashinda saa mbili za kufuta mkia. Ukitaka mchoro uonekane kwa heshima, inyooshe kamera usawa wa kifua bila kuiinamisha, la sivyo fremu zote zitalala kama zimelewa.

Picha za familia ni ngazini, kwa sababu chumba chenye nafasi kimejaa sanamu. Makundi kumi, dakika tatu kila moja, ni nusu saa, endapo kuna ndugu mwenye sauti na orodha ya majina. Safu mbili zinataka f/5.6, ukibaki f/2 nyuma wote ni ukungu. Na usitumie milimita 24 ukiwa karibu kwa sababu tu ukuta umekubana mgongoni: wa pembeni wananyooshwa, na wa pembeni siku zote ni shangazi, na shangazi ataiona mikono yake. Rudi nyuma mpaka kwenye lifti, weka 35.

Kabla ya yote haya, omba ruhusa kwa maandishi. Hoteli inamiliki turubai, lakini katika nchi nyingi haki ya kunakili hubaki kwa msanii au warithi wake, ambapo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo. Picasso alifariki 1973, na Ufaransa, ambako haki hudumu miaka 70, kazi zake hazitakuwa huru mpaka 2043 iishe. Mchoro kutokea nyuma ya maharusi kwenye albamu yao kwa kawaida hausumbui mtu. Picha hiyohiyo kuwa tangazo ni kesi nyingine.

Siku nzima kamera inaandika kadi mbili kwa pamoja, usiku unanakili kwenye diski mbili, nakala moja inalala nyumba nyingine. Wiki tatu unapambana na mashavu ya kijani. Unakabidhi picha 600, maharusi wanalia tena, safari hii kwa furaha. Kisha inaingia barua pepe ya hoteli, ya adabu kabisa. Wanaomba picha kumi za bure kwa matangazo, na wanauliza, kwa mshangao, mbona farasi haonekani vizuri hata kwenye moja.