Mashine Dodoma ipo. Picha ya mwaka jana iko wapi?

Nimepata barua ya hospitali na nimeifurahia sana, ingawa inaniita kwenda kupigwa picha ya saratani. Tarehe ipo, saa ipo, jengo limetajwa, hata mlango wa kuingilia. Sikuomba. Sikupiga simu. Sikumtafuta shemeji wa mtu anayefanya kazi mapokezi. Wamenikumbuka wao.

Tezi dume yangu ina saratani ya daraja la chini, Gleason 6 kwenye kipimo cha ukali wake, ile isiyo na haraka. Madaktari wa hapa Leicester, Uingereza, hawakunipasua wala kunipa mionzi. Wananifuatilia tu: PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, kila baada ya miezi kadhaa, kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa, na MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Mwongozo wa Uingereza wa 2019 unataka MRI irudiwe kati ya mwezi wa 12 na wa 18 tangu ufuatiliaji uanze, na hospitali yangu inaendelea kuirudia baada ya hapo.

Nilipomweleza baba mdogo, yuko Nkuhungu, Dodoma, alikaa kimya kisha akasema, "Mwanangu, yaani wamekuachia ugonjwa mwilini wanauangalia?" Namwelewa. Kwetu ukitaja saratani watu wanaanza kuulizana msiba utakuwa wapi. Lakini kuna utafiti mkubwa uliofanyika hukuhuku, ProtecT, wanaume 1,643 waliogawanywa makundi matatu: upasuaji, mionzi, na kufuatiliwa. Majibu ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 kwa kila 100, na makundi yote matatu hayakupishana kwa maana. Kweli, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa waliishia kutibiwa baadaye. Ila walitibiwa ilipohitajika, na wale wengine waliepuka kuvuja mkojo na kupoteza nguvu za kiume bila sababu. Na wakati ule waliwafuatilia zaidi kwa PSA, MRI ilikuwa bado haijaingia kwenye kazi hii.

MRI yenyewe si ya starehe. Unaacha kila chuma nje, unalazwa kwenye tundu, unavalishwa vizuia kelele, halafu mashine inakugongea masikioni kama fundi bati na wewe hutakiwi kutikisika. Utamu uko kliniki. Mara ya mwisho daktari aliweka picha mbili kwenye kioo kimoja, ya zamani kushoto, mpya kulia, akanionyesha doa lilelile na vipimo vyake kwa milimita. Halijakua. MRI inaweza kukosea, ndiyo maana PSA haiachwi na wakati mwingine kinyama kinachukuliwa tena. Lakini bila ile picha ya kushoto, ya kulia isingetuambia kama ugonjwa unatembea au umetulia.

Sasa binamu yangu. Alipigwa MRI nyumbani, hospitali siitaji. Akapewa CD na majibu ndani ya bahasha ya kaki, akaambiwa arudi baada ya miezi sita. Bahasha ikakaa juu ya kabati pamoja na vyeti vya shule vya watoto. Aliporudi, daktari wake alikuwa amehamishwa, CD haifunguki, faili halionekani. Akaambiwa apige upya, yaani alipe upya. Akaenda zake. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza yuko wapi, mpaka mkojo ulipogoma kutoka.

Najua mtakachosema. Kapanda ndege, sasa anatucheka. Ndugu zangu, mimi ni wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa naitaja kifua mbele. MRI ipo pale. Wanapandikiza figo tangu 2018! Zamani kwa MRI ulifunga safari ya kilomita 450 na zaidi hadi Dar. Ndiyo maana nakasirika: ngumu tumeiweza, tunashindwa kumkumbuka mtu tarehe yake.

Mwingine atasema hela hamna. MRI ni ghali, sawa, basi kuirudia kwa sababu CD imepotea ni nafuu? Na kufuatilia tunakujua vizuri. Nenda CTC yoyote, kliniki ya VVU: mgonjwa ana kadi, ana tarehe, asipotokea anatafutwa mpaka kwake. Kwa nini mzee wa tezi dume asitafutwe?

Na yule wa "hayo magonjwa ya wazungu" asome hii: hapa Uingereza mwanaume mmoja kati ya 8 hupata saratani hii maishani. Mwanaume mweusi ni mmoja kati ya 4.

Madaktari wetu siwalaumu. Bingwa anayemwambia mgonjwa "tutoe tu" mara nyingi anajua huyu akivuka geti hatamwona tena, na kumwacha bila ufuatiliaji ni hatari kuliko kisu. Lakini maana yake wanaume wanapasuliwa kwa sababu hospitali haiwezi kuwakumbuka, na hilo linaniuma kuliko bei ya mashine yoyote.

Baba mdogo amekubali kupima PSA. Nimemwambia kila karatasi atakayopewa aipige picha kwa simu anitumie, tarehe za kurudi nitamkumbusha mimi. Wenye wazee Dodoma, fanyeni hivyo hivyo kuanzia wiki hii, na mkifika dirishani ulizeni: picha hii mnaitunza wapi, na nani atampigia mzee?