Tafiti za ufundishaji chuoni: zinamfikia mwanafunzi au zinaishia kwenye semina?

Ukitaja utafiti wa elimu ya juu wengi wanawaza maprofesa wanasaka kupanda cheo, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Ila zipo tafiti zilizogusa darasa lenyewe.

Mfano Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard. Alikuwa anapendwa, wanafunzi wanampa maksi za juu kwenye fomu za tathmini, mpaka miaka ya 90 mwanzoni alipowapa jaribio la maswali mepesi yasiyo na fomula, yaani lori likigongana na gari dogo nani anamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi (jibu ni sawasawa), mwanafunzi mmoja akamuuliza nijibu ulivyotufundisha au ninavyofikiri mimi? Jamaa akashtuka. Akabadili staili: anatupa swali, kila mtu anajibu kivyake, halafu mnabishana na jirani yako, mnajibu tena.

Sasa aliyewahi kupita Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) msimu wa UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, atasema mbona hicho ndo tunafanya kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vya kujisomea nje. Kweli kabisa, tofauti ni kwamba sisi tunafanya nje ya darasa, usiku, lekchara hayupo wa kusahihisha pale tunapodanganyana.

Na namba zipo. Mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi, wakakuta kwenye madarasa ya kusikiliza tu waliofeli ni karibu asilimia 34, kwenye yale ya kushirikisha wanafunzi ni karibu 22. Hiyo sio tofauti ndogo, hao ni watu wanaokula sapu (kurudia mtihani) au kudisko kabisa (kuondolewa chuo).

Lakini ngoja kwanza. Mwaka 2019 hapohapo Harvard utafiti mwingine ulionyesha wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliomsikiliza lekchara anayetiririka. Hapo ndo penye utata, maana chuo kikimpima mwalimu kwa fomu za wanafunzi peke yake, anayefundisha vizuri anaweza kuonekana mbovu na mwenye maneno matamu akasifiwa.

Halafu tafiti nyingi zinazotajwa ni za Marekani. Kwetu huku, ukumbi wa watu mia kadhaa, wengine wamesimama dirishani, maiki inakatakata, huo mjadala unauendeshaje? Na hata ukiuweza, mtihani ukija na "taja na ueleze sababu tano" aliyekariri desa (notisi za kupeana) anakupita, kwa hiyo mimi naona kubadili ufundishaji bila kugusa UE ni kazi bure.

Ningeanza na cha bei rahisi. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi matini wasome: waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika tano, ila baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia waliwaacha mbali. Hiyo haihitaji projekta, ni maswali matatu kwenye karatasi kabla kipindi hakijaisha. Najua lekchara atauliza nani atasahihisha karatasi mia nne, jibu ni hakuna haja, badilishaneni na jirani, jibu liandikwe ubaoni, na maksi zisiingie kwenye kosiwaki (maksi za kazi za muhula), maana zikiingia tu watu wataanza kuibiana.