Itafichwa na Plasta

Mke wangu anasema siku hizi naota kwa sauti. Juzi usiku wa manane nimeketi kitako kitandani, macho nimefumba, nikasema, "Mitano tu bosi, ya mwisho," kisha nikajilaza tena. Hakuuliza mitano nini. Watoto nao wanajua: ni mifuko ya saruji. Tangu tuanze kujenga, fundi wetu hajawahi kupungukiwa mifuko minne wala sita. Ni mitano, tena ni "tu", na kila mara ni ya mwisho.

Kosa ni langu. Ningeweza kutafuta nyumba iliyokwisha, nikahamia na godoro langu na ndoo zangu kama watu wenye akili timamu. Nikakataa. Nikavimba kifua nikasema nataka nyumba ya kujichorea mwenyewe, isiyofanana na ya mtu yeyote. Basi nimekubaliwa ombi. Haifanani na ya mtu yeyote, haifanani hata na ile niliyoichora.

Siku ya kupima msingi nilikwenda nimejisomea. Ukitaka kona ikae mraba, unapima meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, halafu mshazari wa kuunganisha zile alama mbili lazima usome 5 kamili. Ikizidi 5, kona imepanuka, ikipungua, imejikunyata. Ni kamba na tepu tu, wala huhitaji shahada. Nikamweleza fundi kwa adabu zote. Akanitazama kama samaki anayefundishwa kuogelea. Akafumba jicho moja, akanyoosha mkono, akachungulia kupitia kidole gumba.

"Hapo sawa bosi."

"Fundi, tusipime hata mara moja?"

"Bosi, hili jicho ni tepu."

Nikanyamaza. Ule unyamavu wangu naudai fidia mpaka leo, maana ndio ninaoishi nao ndani ya sebule, sentimita kwa sentimita.

Ikaja zamu ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Hapa nisikilizeni, maana hesabu niliipiga mwenyewe nyuma ya bahasha. Meta za mraba 80, unene sentimita 10, hiyo ni meta 8 za ujazo. Zege la moja-mbili-nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hula mifuko sita na kitu ya kilo 50 kwa kila meta ya ujazo. Jumla ni kama 51. Fundi akacheka. Akasema 40 inatosha, tutacheza nayo. Ndugu yangu, ukisikia neno "kucheza" limekaa karibu na zege, kimbia na viatu mkononi. Tulimaliza na mifuko 63. Kifusi hakikuwa kimeshindiliwa wala kusawazishwa, kwa hiyo kila penye bonde zege lilizama, likakaa huko chini linastarehe. Utajiri wangu wote uko chini ya nyayo, na siwezi kumwonyesha mtu.

Halafu yale maji. Vijana wakiona zege ni gumu kusukuma, wanaongeza ndoo ya maji. Likiwa gumu tena, ndoo nyingine. Maji ndiye saidia fundi asiyedai posho. Nikawaambia, jamani, maji yakizidi nguvu ya zege inapungua. "Litakauka tu mzee," wakasema. Sasa hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu zege halipati nguvu kwa kukauka kama shati. Linakomaa likiwa na unyevu, siku baada ya siku, na watu wa fani hulipima nguvu likifikisha siku 28. Ukiliacha likaungua na jua siku ya kwanza, umelilea njaa.

Kazi ya kulimwagilia ikaniangukia mimi. Siku saba, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, nimesimama na mpira wa maji katikati ya uwanja mtupu, nimevaa suruali ya kulalia. Siku ya nne akapita jirani mtarajiwa, akasimama, akaangalia sana.

"Umepanda nini, jirani?"

"Zege."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda. Tangu siku hiyo watoto wake wakinipita hunisalimia kwa mbali, wote kwa pamoja, haraka haraka.

Kuta zikapanda. Ukuta wa chumba cha kwanza ulikuwa na tumbo. Si mpasuko, si kuinama, tumbo hasa, kama la mtu aliyetoka kushiba akasahau kulivuta. Nikaleta timazi, ile kamba yenye uzito nchani ya kupimia wima, nikaining'iniza mwenyewe. Juu kamba inagusa tofali, katikati tofali linaisukuma kamba kama mlevi anayepita mlangoni, chini imeachana na ukuta vidole viwili. Nikamwita fundi. Akaiangalia timazi muda mrefu, kwa mashaka, kama vile yenye kosa ni timazi.

"Upepo, bosi."

"Hakuna upepo, fundi."

"Basi usijali. Itafichwa na plasta."

Hapo ndipo nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, na sikujua kwamba nimekutana na katiba ya nyumba yangu. Tumbo likafichwa na plasta. Plasta ikatoka na mawimbi. Nikaambiwa itafichwa na skimu, ule upako laini wa kulainisha ukuta kabla ya rangi. Skimu ikaacha michirizi, ambayo itafichwa na rangi. Rangi ikaonyesha kila kitu vizuri zaidi kuliko mwanzo, hasa jioni taa ikiwashwa kwa pembeni, na hapo nikashauriwa ninunue pazia.

Nisiwe mnafiki, kuna kosa moja la kwangu. Siku ya kupima usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango, tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Kitu rahisi na cha ajabu: maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama usawa mmoja, hata kama ninyi wawili mko vyumba tofauti na hamwonani. Sharti mpira usiwe na povu la hewa ndani, na usibanwe popote. Fundi akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine kwa fahari, mwenye mali nikishiriki. Tukapiga alama. Madirisha mawili ya mbele yakatoka yamepishana sentimita tatu, nyumba inaonekana kama inakutilia shaka kwa nyusi moja. Tulipotafuta chanzo, ikagundulika kwamba muda wote nilikuwa nimeukanyaga ule mpira.

Fundi hajanisamehe. Nikilalamikia jambo lolote, hata mlango, hata bati, ananitazama miguuni.

Kwenye kupaua hatukugombana. Sijui kwa nini. Bati zimekaa, mvua imepita juu, tumeshukuru. Twende mbele.

Vita kamili ilianza walipoingia mafundi wengine. Fundi umeme akapasua ukuta apitishe mabomba ya nyaya. Fundi plasta akaziba. Fundi bomba akaja, akasema hakuachiwa njia, akapasua palepale penye unyevu wa plasta mpya. Akazibiwa. Fundi umeme akarudi, akasema amesahau soketi moja tu. Nilikuwa nawalipa watu watatu kuchimba na kufukia shimo moja. Na kila mmoja, kabla hajashika kifaa, ni lazima asimame, ashike kiuno, avute hewa kwa meno na kuuliza, "Nani alikufanyia hivi?" Ndiyo salamu yao. Nadhani wanaisomea.

Fundi wetu mwenyewe alikuwa ametoweka miezi mitatu kwenye kazi nyingine. Aliporudi, akaingia chumba cha kwanza, akasimama mbele ya lile tumbo, akashika kiuno.

"Bosi, huu ukuta nani alijenga?"

"Wewe."

Kimya. Akaupapasa kwa kiganja, akaugonga mara mbili, akasikiliza.

"Basi ule mchanga ulikuwa mbaya."

Mambo ya swichi sitaki kuyaeleza sana, moyo wangu ni mmoja. Kifupi, fundi milango aligeuza upande wa kufungukia mlango wa chumbani baada ya fundi umeme kumaliza. Sasa swichi iko nyuma ya mlango. Ukiingia usiku unafungua, unaingia gizani, unafunga, ndipo unapapasa. Mke wangu amejigonga kidole cha mguu mara nyingi kiasi kwamba kile kidole sasa kinajua njia chenyewe.

Tena yeye ndiye alikuwa na ombi moja tu katika ramani yote: sinki likae chini ya dirisha, aoshe vyombo akiangalia nje. Nikasimamia hilo kama mlinzi. Sinki likakaa chini ya dirisha. Dirisha likakaa juu ya sinki. Tatizo ni kwamba dirisha linafungukia ndani, na bomba la sinki limesimama wima kama askari wa zamu. Ukilifungua linakwenda mpaka upana wa viganja viwili, ngo! limegonga bomba. Anaosha vyombo akiona robo ya nje.

"Baba watoto," akaniambia siku ya kwanza, kwa sauti ile ya upole ambayo ni bora ningepigwa, "asante. Nauona ukuta wa jirani, na kipande cha jirani."

Nikamwita fundi. Akasema itafichwa na pazia.

Lakini hukumu ya haki imekuja na vigae. Msimwamini mtu aliyesema nyumba yake imenyooka kabla haijawekwa vigae. Plasta inakufichia siri, rangi inakubembeleza, ila kigae kina pande nne zilizolingana na hakina aibu. Wakaanza safu ya kwanza ukutani, kigae kizima cha sentimita 60. Cha pili kizima. Wanatembea, wanatembea, na upande wa pili wa sebule safu ya mwisho ikabidi ikatwe: kwenye kona moja kipande ni kipana kama kitabu, kinapungua, kinapungua, mpaka kona nyingine kimebaki kama ukucha. Sentimita 9 za tofauti. Nikapiga magoti pale kwenye ukucha na tepu yangu. Nikakumbuka kidole gumba kimenyooshwa juani.

"Fundi. Tatu, nne, tano."

"Weka kochi hapo bosi, hapataonekana."

Nikaweka kochi. Kochi limenyooka, ukuta haukunyooka, nyuma yake pakabaki pembetatu. Mpaka sasa pembetatu hiyo imemeza rimoti, kalamu tatu na kiatu kimoja cha mtoto, na kile kiatu tukikitoa leo hakimtoshi tena. Nikahamisha kochi nikaweka chungu cha ua. Ua likataka mwanga, likaanza kuinamia dirishani, na kwa kuwa ni ua lililonyooka linaloinama, watu wote wakafuata linakoelekea, wakakiona kigae.

Jumapili akaja baba mkwe kuiona nyumba. Mtu wa macho makali, tena aliwahi kuwa seremala. Alipokanyaga mlangoni tu, nikalisukuma ua kando, nikaenda kusimama mwenyewe kwenye ile kona, miguu nimeibana juu ya ukucha. Akazungushwa vyumba vyote, mimi nipo. Akarudi, akaketi, mimi nipo.

"Mwanangu, si ukae," akasema mzee.

"Nashukuru baba, nimekaa sana ofisini."

Upande wa pili wa sebule alikuwa fundi, kapita "kusalimia", na mfukoni najua ana karatasi imeandikwa mitano. Akafumba jicho moja, akanyoosha mkono, akanipima kwa kidole gumba.

"Hapo hapo bosi," akanong'ona. "Usisogee."