Kisomaji cha RSS kwenye seva yako mwenyewe: anza na simu kwanza

Mwalimu mmoja jirani yangu hapa Langoni, mjini Lamu, kaniuliza juzi, kati ya FreshRSS na Miniflux, programu mbili za kusomea RSS unazoweka kwenye seva yako mwenyewe, achukue ipi, maanake amechoka kufungua tovuti ishirini kila asubuhi na anataka kila kitu kikae kwenye mashine yake mwenyewe, asome kwa kompyuta akiwa nyumbani na kwa simu akitoka. Nikaanza kumjibu kwa mdomo, maneno yakazidi kuwa mengi, nikaona bora niyaandike.

Kwa asiyeijua, RSS ni faili ndogo ambayo tovuti yenyewe huitoa, ndani mna orodha ya makala mpya, watu huiita fidi, na kisomaji kazi yake ni kuzipitia fidi zako zote na kukuletea habari mahali pamoja. Wengi wetu tulikuwa na Google Reader, ya bure, tukazoea, mpaka ikafungwa tarehe 1 Julai 2013 na kila mtu akatawanyika kivyake. Mie tangu hapo nilisema orodha yangu ya kusoma siiachi tena mikononi mwa mtu anayeweza kufunga duka akiamka.

Lakini haki isemwe. Feedly na Inoreader, visomaji vinavyoendeshwa na kampuni, zipo, apu zao nzuri, unajisajili dakika tano umemaliza, na kama hujawahi kuandika amri hata moja kwenye kompyuta na huna hamu ya kujifunza basi hizo zinakutosha kabisa. Seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa ikikufanyia kazi hiyo, ni kama ngamia, yataka kulishwa: masasisho, bakapu (nakala za akiba), na siku ikigoma ni wewe na yeye. Unachopata ni kwamba hakuna kikomo cha fidi, hakuna matangazo, na hakuna anayeweka hesabu ya unachosoma.

Sasa kosa ninaloliona kwa watu wengi ni kwamba wanaanza kuchagua seva kwa kuangalia picha za skrini, kisha simu wanaikumbuka mwisho. Mie nilifanya hivyo hivyo. Niliweka Miniflux, nikaifungua kwenye brauza ya simu, nikaiweka kama ikoni pale mbele, ikawa nyepesi ajabu, nikajua nimemaliza. Siku moja nikavuka na boti hadi Mokowe, nikapanda basi la Malindi, na baada ya Witu network ikakata. Orodha ya vichwa vya habari iko pale mbele ya macho yangu, nagusa makala, kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna kitu. Saa nzima na zaidi nimekaa dirishani na simu imejaa vichwa vya habari visivyofunguka. Safari ya kurudi nikaweka FeedMe, apu ya Android inayoungana na seva, nikaiacha ivute makala zote pamoja na picha nikiwa bado kwenye waifai ya wenyeji wangu, na njia nzima nikasoma mpaka Mokowe bila kujali network ipo ama haipo.

Kwa hivyo swali la kwanza ni apu gani itakayokushushia makala kwenye simu. Na hapa kuna habari njema, FreshRSS na Miniflux zote zinaongea lugha ileile, yaani API (njia ya apu kuzungumza na seva) ya Google Reader (ndiyo, yenyewe ilifungwa 2013 lakini lugha yake apu zinaitumia mpaka leo) na nyingine iitwayo Fever, kwa hivyo kwa Android unaweza kutumia FeedMe au Read You na seva yoyote kati ya hizo mbili, na mwenye iPhone akiwa na FreshRSS kuna NetNewsWire, bure kabisa. Angalizo moja kwa FreshRSS ambalo hukwamisha watu: API imefungwa mwanzoni, uifungue kwenye mipangilio ya uthibitishaji, halafu uweke nywila ya API peke yake kwenye wasifu wako. Ukitia nywila yako ya kawaida kwenye apu itakataa tu na hutajua kwa nini.

Baada ya hapo ndo tunaingia kwenye tofauti zenyewe, na mie sioni kama moja inaishinda nyingine moja kwa moja. Miniflux imeandikwa kwa Go, lugha ya kuandikia programu, ni faili moja, inakula memori kidogo, haina mapambo, na ina jambo moja nalipenda sana: fidi nyingi, ya BBC Swahili ikiwemo, hutoa kichwa na mistari miwili tu, lakini Miniflux unaweka tiki kwenye ile fidi na seva inaenda kuchukua makala nzima yenyewe, kwa hivyo apu ikivuta inavuta habari kamili ya kusomea kwenye basi. FreshRSS nayo inaweza lakini yabidi uielekeze wewe, kila tovuti, ni sehemu gani ya ukurasa yenye makala. Kazi ya jioni nzima ukiwa na fidi nyingi.

Ila Miniflux inataka PostgreSQL, programu ya pembeni ya databesi, yaani ya kuhifadhi data, haina njia nyingine. Usiku mmoja nilibadilisha namba ya toleo la PostgreSQL kwenye faili ya Docker (chombo ninachowashia programu za seva) kutoka 15 kuwa 16, nikawasha, databesi ikakataa kuinuka kwa sababu toleo jipya haliwezi kusoma mafaili ya toleo la zamani. Ikabidi nirudi 15, nitoe data yote, kisha niimwage upya kwenye 16. Hakuna kilichopotea, lakini nililala karibu na adhana ya alfajiri. FreshRSS inakubali SQLite, databesi nyepesi isiyohitaji programu ya pembeni, yaani kila mtumiaji ana faili yake moja ya databesi, na bakapu yangu ni hivi: Ijumaa nazima, nanakili folda ya data kwenye flashi, nawasha. Basi. Jambo moja la kuangalia kwa zote mbili: usipoigusa mipangilio, Miniflux huondoa makala ulizosoma baada ya siku 60 isipokuwa zenye nyota, na FreshRSS nayo hufuta za zamani, kwa hivyo mwalimu anayetaka kuweka habari za kufundishia za mwaka mzima abadilishe mipangilio hiyo.

Kuhusu mashine iwekwe wapi, nyumbani hapa kwetu kuna mambo matatu: stima, hewa ya chumvi, na intaneti yenyewe. Raspberry Pi yangu ya kwanza, kompyuta ndogo ya bodi moja, ilikuwa na memori kadi, stima ikakatika mara tatu usiku mmoja na asubuhi kadi haisomeki, kwa hivyo tumia SSD (diski imara kuliko kadi) na UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika) japo ndogo. Na ruta nyingi za 4G hazikupi anwani yako mwenyewe ya kufikiwa kutoka nje, itabidi Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye simu na kwenye mashine, au ukodi seva nje. Ukikodi, stima ni yao, na hapo Miniflux naiona bora.

Mwalimu ana kompyuta ndogo nyumbani na hataki malipo ya kila mwezi. Kwa hivyo nimemwambia achukue FreshRSS na SQLite, na FeedMe kwenye simu. Akija kubadili mawazo atatoa orodha yake kwa faili ya OPML (orodha ya fidi zake) na karibu kila kisomaji kitaipokea, ingawa ajue OPML hubeba fidi tu, makala alizotia nyota hazimo.

Kaniuliza la mwisho, je matangazo ya kaunti na ya misiba yataingia humo. Hayo huwekwa Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko hakuna RSS. Kwa hilo bado atafungua simu kama jana.