Jamani, Lushoto sio stoo

Mwezi ujao tunahama Tabata tunaenda Lushoto, kinyumba cha vyumba viwili upande wa Magamba, ukifungua dirisha la jikoni unaona msitu. Wiki ya tatu hii nafunga mizigo, yani nafunga leo nafungua kesho, kila nikiziba boksi na gundi nakumbuka humo ndani kuna kitu hata hakitakiwi kusafiri.

Sasa kila anayepita hapa ananiambia eti usigawe, usiuze, beba tu, shamba kuna nafasi. Hapo ndo napishana na watu. Sisi wa mjini tuna tabia mbaya, kitu kikichoka Dar hakitupwi, kinapelekwa kijijini. Kochi limebonyea, tivii ya chogo, pasi imeungua waya, "peleka nyumbani watatumia". Watatumiaje? Kwa marehemu bibi tulikuwa tukienda likizo tunalala na friji bovu miguuni, mjomba ndo alilileta na basi, bibi akawa anawekea mahindi ya mbegu. Nakubali panya hawakuingia, ila hamna mtu aliyemuuliza kama analitaka.

Mzee wangu naye anataka tubebe feni tatu. Feni! Lushoto mjini penyewe ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na Magamba unapanda tena, mwezi wa saba asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Huko unahitaji mablanketi, gambuti na sweta la maana. Feni nimempa kijana wa duka la mkaa, mzee kanuna siku mbili kapoa.

Kilichonitesa hasa ni kabati la vyombo, la mninga, vioo mbele. Dereva wa Fuso alikuja kuangalia mzigo, akalizunguka, akagonga kioo kwa kucha, akaniambia, "Mama, hili Mombo litafika. Kutoka Mombo kwenda juu mi sikuahidi." Na ni kweli, zile kilomita 33 ni kona tupu, hata tumbo la mtu halifiki salama. Nikaita dalali, akataja bei ya matusi, nikamfukuza, kesho yake nikampigia mwenyewe arudi.

Mle ndani sasa. Sahani 12 za udongo za kicheni pati yangu mwaka 2007, katikati ya kila sahani kuna kipande cha gazeti, ya juu bado ina stika ya bei. Nilikuwa nazitunzia wageni, na wageni wamekuja jamani, mashemeji, mawifi, wachungaji, wote wamekula kwenye sahani za plastiki maana nikiangalia za kabatini roho inaniuma, naona zitavunjika. Huo ujinga sijamwambia mtu mpaka leo.

Cherehani ya mama inaenda, hiyo sijadili na mtu. Masufuria matatu, sio tisa. Nguo za ofisini mdogo wangu kabeba mifuko miwili ya shangazi kaja, na ameshaanza kulalamika kuwa zinambana.

Jana usiku nikazitoa zile sahani zote, nikaondoa magazeti, tukala makande humo. Mtoto kavunja moja wakati anaosha, akaja kusimama mlangoni ananiangalia. Nikamwambia ziko 11 sasa, kwanza zile 12 boksi lilikuwa halifungi.