Malai ya Bitiruti

Sikukuu kwetu Pemba si siku moja, ni nne, na kila moja ina sukari yake. Sikukuu mosi mtoto anaamkia tambi za sukari na zabibu, mkate wa kumimina na kaimati zinazochuruzika shira. Akitoka hapo anazunguka nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idi, na hakuna nyumba isiyokuwa na sahani ya halua. Jioni anapelekwa Tibirinzi kwenye viwanja vya watoto, na pesa zote alizokusanya zinageuka soda, pipi za kijiti na ubuyu. Akirudi ana ulimi mwekundu kama mkia wa kasuku na hataki pilau.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayoipata katika chakula chake, na ikishuka chini ya 5 ndiyo bora zaidi. Hiyo asilimia 5, kwa mtu mzima, ni kama vijiko sita vya chai kwa siku. Chupa moja tu ya soda ya mililita 350 inakaribia vijiko tisa. Mpwa wangu wa mwisho ana miaka mitano, na chupa ya kwanza huimaliza kabla watu hawajavua kanzu za sala.

Haya yote nilimweleza dada yangu kwa simu, mwisho mwisho wa Ramadhani. Akanijibu, "Basi njoo uwapikie wewe." Nadhani alikuwa anatania. Mimi nikapita sokoni Darajani, huku Unguja, nikanunua bitiruti fungu zima, nikapanda boti.

Mpango wangu ulikuwa ubuyu. Tunda lenyewe halina kosa lolote, ule unga wake mweupe una vitamini C tele. Kinachoniudhi ni tunavyolifanya: sukari inapikwa mpaka iwe shira nzito, inatiwa rangi, hiliki na vanila, halafu kokwa zinamwagwa humo na kugeuzwa mpaka kila moja ivae koti lake. Mimi nikasema rangi itatoka kwenye bitiruti, na utamu utatoka kwenye tende. Nikamenya, nikasaga, nikachemsha, nikamwaga kokwa, nikageuza.

Kumbe sukari haipo pale kwa utamu tu, ndiyo gundi yenyewe. Bila shira ule unga uliachana na kokwa kama waliogombana, ukazama wote chini. Juu zikabaki kokwa tupu, nyeusi, zinaelea katika uji mwekundu. Mama akaja, akachota moja kwa kijiko, akaigonga kwenye jino.

"Mwanangu, watoto ndio unawapikia kokoto?"

Aliyeniokoa ni mpwa wangu mkubwa, yuko kidato cha kwanza na ana jibu la kila kitu. "Mjomba, chuja, ugandishe iwe malai." Nikachuja. Nikatia hiliki. Nilipoinua chupa ya asali akanishika mkono na simu yake mbele ya pua yangu: hao hao Shirika la Afya Duniani asali wanaihesabu sawasawa na sukari.

"Na tende je, mjomba?"

"Tende ni tunda. Tunda zima hawalihesabu."

"Hii si nzima, umeisaga."

Nikamwambia akaoshe vyombo.

Tukajaza vikombe, tukavipanga kwenye friza, na sikukuu mosi baada ya sala tukavitoa. Wallahi sijapata kusifiwa vile. Wapwa zangu wawili wa kati, wa kiume, wa miaka tisa na kumi, walikula, wakaenda kwa jirani, wakarudi, wakala tena. Wa jirani wakaja. Kila nikifungua friza naona zimepungua kuliko nilivyoziacha, nikasema alhamdulillahi, chakula cha afya kinapendwa. Mimi mwenyewe nilikula kuliko wote. Baba alipokaribishwa alikunja uso. "Mie vitu vya watoto sili." Nasi hatukumlazimisha, mzee ana sukari miaka mingi.

Sikukuu pili asubuhi nikaamshwa na ukelele kutoka chooni.

"Mama! Nakojoa damu!"

Sehemu nyingine mtoto akisema hivyo labda watu wataulizana. Pemba hakuna wa kuuliza. Mkojo mwekundu ni kichocho, hata mtoto wa darasa la kwanza anakijua: mdudu anatoka kwa konokono wa maji baridi, anaingia kwa ngozi ukikanyaga maji, na baadaye unakojoa damu. Skulini wamefundishwa, vidonge vyake wamepewa, wameambiwa na kuambiwa tena wasiingie mtoni. Dada alifika mlangoni kabla mtoto hajafunga suruali.

"Mlikwenda mtoni?"

"Hatujaenda."

Mdogo wake, kwa kumsaidia kaka yake, akasema yeye mzima kabisa na akaingia chooni kuthibitisha. Akatoka analia.

Nauliza, nani angefikiria bitiruti hapo? Mimi nilikula vikombe vingi kuliko wao wote wawili, na nilikuwa nimeshakojoa salama salimini. Mama ameanza kusoma Yasini, dada anatafuta buibui lake na amelivaa tayari. Tukapakiana kwenye gari ya jirani mpaka kituo cha afya, watoto na kanzu zao za sikukuu, kofia vichwani, kama wanapelekwa kuoa.

Nesi wa zamu alikuwa mwanamama mtulivu. Akawapa kila mmoja kikopo, akaangalia saa, akasema watoe mkojo saa sita mchana, mayai ya kichocho hutoka zaidi saa hizo. Tukangoja. Saa sita ilipofika akasema, "Kwanza warukeruke." Ndivyo inavyotakiwa, mwili ukitikisika mayai yanashuka. Basi wale wanaume wawili wakatolewa uani, kanzu wamezikunja mpaka magotini, wakaanza kuruka kama vyura mbele ya kila aliyekuja kituoni siku ile. Mzee mmoja aliyekuja kufunga kidonda akawa anawahesabia.

Sijui ni kuruka kule au ni macho ya mama yao. Mkubwa alipofika kwenye thelathini ya yule mzee alisimama, akaanza kulia. "Tulikwenda mtoni, mama. Ramadhani. Tukitoka chuoni kusoma Kurani."

Dada akashika kichwa. "Ramadhani! Na mmefunga!"

"Lakini hatukumeza maji," akasema mdogo, bado anaruka.

Ndani, nesi alichovya kijiti chake kwenye kikopo cha kwanza, akakitazama, akachovya cha pili. Rangi ya mkojo nyekundu, lakini kijiti hakioni damu hata chembe. Akatugeukia.

"Hawa walikula nini jana?"

"Malai," nikasema.

"Ya rangi gani?"

Nikamwambia, na nilichotilia. Yule mwanamama aliweka paji la uso juu ya meza na mabega yakaanza kumcheza. Alipopata pumzi akatueleza kuwa bitiruti kwa watu wengi hupita kimya, ila wapo wachache ambao rangi yake hutoka nao kwenye mkojo, hata chooni kwenye haja kubwa, na wala haina madhara. Ndugu wawili wamelingana, basi. Akaongeza kuwa hata kama wangekipata kichocho mtoni Ramadhani kisingeonyesha damu sikukuu pili, kinachukua miezi. Kwa hiyo kwa kuwa wamekiri wenyewe, warudi baada ya miezi mitatu wapimwe barabara.

Njiani hakuna aliyesema neno. Watoto wametubu kosa ambalo hakuna angelijua, na dada hakujua aanze na nani. Mwisho akawanyang'anya mkono wa Idi wote, mpaka noti ya mwisho waliyoificha kwenye kofia. Mimi akanikataza jiko. Sina kinyongo. Ila nataka ieleweke kwamba wale watoto hawakunywa soda hata moja mpaka sikukuu nne, na hilo ndilo nililolifuata kwa boti.

Jioni ile nilikaa barazani na baba. Alikuwa kimya tangu tuliporudi, hakuulizia habari za hospitali, na chai yake ya strungi ilipoa mbele yake. Watu walipoingia kuswali Magharibi alinivuta mkono, akatazama huku na huku.

"Yule nesi," akaninong'oneza, "kesho yupo?"